Siku kumi za mbwa aliyeuma

Tuseme ni mtoto wa gredi ya tatu. Anatoka mtaa wa Huruma kwenda shule saa kumi na mbili na nusu asubuhi, baridi ya Eldoret ikiwa bado kali. Anapopita kando ya rundo la taka, mbwa anachomoka, anamng'ata muundi, anamwachilia na kutokomea vichochoroni. Jeraha ni matundu mawili yasiyotoa damu nyingi. Jirani mmoja anashauri apakwe mafuta ya taa, mwingine anasema pilipili iliyotwangwa. Mama akibahatika kukutana na mtu anayejua, atamwosha mtoto jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha ampakie kwenye bodaboda hadi hospitali.

Huko, kabla ya sindano, ataulizwa: “Mama, huyo mbwa yuko wapi sasa?”

Jibu la swali hilo lina uzito mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mbwa mwenye kichaa huanza kutoa virusi kwenye mate siku chache tu kabla hajaonyesha dalili, na dalili zikishaanza hufa upesi. Kwa hiyo mbwa aliyeuma akifungiwa mahali salama, akalishwa na kuangaliwa na daktari wa mifugo kwa siku 10, kisha akabaki mzima, ina maana kwamba siku ile alipouma mate yake hayakuwa na virusi. Daktari wa binadamu anaweza kusimamisha matibabu. Mbwa akiugua au akifa kabla ya siku hizo kwisha, kichwa chake hupelekwa maabara, na mtoto hana budi kumaliza dozi bila kuruka hata sindano moja. Ratiba iliyozoeleka nchini ni ya sindano 5: siku ya kuanza, kisha baada ya siku 3, 7, 14 na 28.

Mbwa asipopatikana, hakuna la kuangalia. Familia yenye uwezo itamaliza sindano zote hata kama pengine hazikuhitajika. Ninayemwogopea zaidi ni mzazi ambaye baada ya sindano ya pili anaona mtoto anacheza vizuri, kidonda kimefunga, nauli ya kwenda hospitali imekuwa mzigo, na anaacha. Virusi vya kichaa cha mbwa huweza kukaa mwilini kimya kwa wiki kadhaa, mara nyingi mwezi 1 hadi 3, vikisafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni. Dalili zikijitokeza, mgonjwa huwa hana matumaini ya kupona.

Nimeanza na muundi wa mtoto kwa makusudi. Makao ya wanyama yakitajwa katika miji yetu, wengi hufikiria huruma ya watu wenye nafasi, mbwa wenye majina na blanketi zao. Swali linalofuata huwa ni lile lile: watoto wa mitaani hawana pa kulala, iweje mbwa wajengewe? Ni swali la haki na linastahili jibu la moja kwa moja. Kituo cha wanyama katika jiji ni sehemu ya afya ya umma, na wa kwanza kufaidika nacho ni yule mtoto anayekwenda shule kwa miguu. Wanaong'atwa si watu wanaopita ndani ya magari yaliyofungwa vioo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao barani Afrika na Asia. Karibu wanne kati ya kila kumi ni watoto wasiofikisha miaka 15, na visa 99 kati ya 100 vya binadamu hutokana na mbwa. Kwa Kenya, makadirio yanayotajwa na serikali ni vifo karibu 2,000 kwa mwaka.

Hapa nchini, ugonjwa huu una umri wa mji wetu wenyewe wa Eldoret. Mbwa wa kwanza kuthibitishwa nchini kuwa na kichaa alipatikana karibu na Nairobi mwaka 1912, mwaka ule ule serikali ya kikoloni ilipokifanya kijiji kilichojulikana kama Sixty-Four kuwa makao ya utawala na kukipa jina la Eldoret. Miaka mia moja na kumi na miwili baadaye, Agosti 15, 2024, Eldoret ilipewa hati ya kuwa jiji, la tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Tangu siku hiyo tumezungumza sana kuhusu barabara, taa, soko na maji taka. Wanyama wanaoishi nasi katika jiji hili hawajapata hata sehemu ndogo ya mazungumzo hayo.

Na si kwamba sheria imewasahau. Ukifungua Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, Sehemu ya Pili inayoorodhesha kazi za kaunti, utakuta kipengele cha 6, baada ya uchukuzi na kabla ya biashara, kinachohusu udhibiti na ustawi wa wanyama. Kinataja mambo mawili bila kuzunguka: kutoa leseni za mbwa, na kuwa na mahali pa kuwaweka, kuwatunza na kuwazika wanyama. Kuweka, kutunza, kuzika. Walioandika maneno hayo hawakuyaacha kwa hisani ya wafadhili wala kwa watu wanaopenda mbwa. Waliyafanya kazi ya serikali ya kaunti, sawa na kutunza barabara za mitaa na zahanati. Juu ya hayo kuna Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, ambayo huwapa maafisa wa mifugo uwezo wa kuamuru mbwa wafungwe, wachanjwe au wauawe pale ugonjwa unapozuka. Nairobi ilikwenda hatua zaidi mwaka 2015 kwa kutunga sheria yake ya kaunti kuhusu udhibiti na ustawi wa mbwa.

Anayetaka kuona kituo kinavyofanya kazi hana budi kuteremka hadi Nairobi, barabara ya Langata, kwenye makao ya KSPCA, chama cha kulinda na kutunza wanyama kilichoanzishwa mwaka 1910. Ni chama cha hisani kinachoendeshwa kwa michango. Hupokea mbwa, paka, punda na mifugo mingine. Huchunguza taarifa za ukatili. Na huingia mitaa ya kipato kidogo kuchanja na kuzuia uzazi kwa upasuaji. Kampala nako kuna chama dada kinachoendesha makao ya mbwa na paka. Pwani, mjini Lamu, ambako mizigo mingi ya mji mkongwe bado hubebwa na punda, shirika la Uingereza la Donkey Sanctuary lilifungua kituo cha kuwatibu mwaka 1987.

Mgeni anayeingia kwenye kituo cha wanyama hutazama vizimba na kusikiliza kelele. Mwenye kituo hutazama mlango wa mapokezi, maana hapo ndipo kituo huokoka au huangamia. Mbwa wa mtaani huja na kupe, minyoo na ukurutu, na pengine amebeba ugonjwa wa parvo ambao huua watoto wa mbwa kwa kuharisha damu. Parvo haihitaji mbwa kugusana. Husafiri kwenye kiatu, ndoo, bakuli na mkono wa mfanyakazi, na huweza kubaki kwenye udongo kwa miezi. Kwa sababu hiyo anayeingia hutengwa kwanza, kwa kawaida wiki mbili, huku akipewa chanjo na dawa ya minyoo siku ile ile ya kwanza. Hata usafishaji una mpangilio wake: huanzia kwa watoto wa mbwa na wazima, humalizikia kwa wagonjwa, na ufagio wa wagonjwa haurudi upande wa pili. Kituo kinachopuuza mambo haya madogo kinaweza kuwa na bango zuri barabarani na bado kikawa mahali ambapo mbwa huingia wazima na kufa.

Wafanyakazi nao ni lazima wachanjwe dhidi ya kichaa kabla ya kuanza kazi, si baada ya kung'atwa. Hapo ndipo vituo vingi vya kujitolea huteleza. Vijana wanaopenda wanyama huja Jumamosi, wanapewa ufagio na kamba, na hakuna anayewauliza kuhusu sindano.

Vizimba vya uangalizi wa siku 10 vinastahili upande wao peke yao. Mbwa mmoja kwa kizimba kimoja, milango miwili ili akiponyoka wa kwanza azuiwe na wa pili, chakula na maji vipitishwe kutoka nje, na kufuli ambayo ufunguo wake uko kwa mtu anayejulikana. Mlangoni huning'inizwa kadi yenye tarehe ya kung'ata, mahali palipotokea, hospitali alikotibiwa majeruhi na namba ya simu ya familia. Kadi hiyo ina thamani kuliko kizimba chenyewe. Siku ya 10 ikifika, lazima awepo mtu wa kupiga simu hospitalini na kusema mbwa ni mzima au mbwa amekufa. Pasipo simu hiyo, mnyama atakuwa amelishwa siku kumi bure.

Eldoret ina vitu ambavyo miji mingi ya kiwango chake haina. Hospitali ya Rufaa ya Moi, ya pili ya kitaifa kwa hadhi nchini, iko hapa. Maabara ya serikali ya kuchunguza magonjwa ya mifugo katika eneo hili iko hapa pia, ikiwa sehemu ya mtandao ambao maabara yake kuu iko Kabete. Kaunti ina madaktari wa mifugo, maana hii ni nchi ya maziwa na huwezi kufuga ng'ombe wa maziwa bila wao. Wanaohitajika wapo. Kilichobaki ni kuwaunganisha kwa kizimba na namba ya simu.

Kumpata mbwa makao mapya ni kazi ngumu kuliko kumkamata. KSPCA hawamwachi mbwa aende kabla hajachanjwa na kuzuiwa uzazi, na hutaka kuona anakokwenda. Watu wengi hukerwa na masharti hayo. Mtu anauliza: mbwa wa mtaani, ambaye jana alikuwa analala mtaroni, leo mnanikagua mimi ukuta wa nyumba yangu? Lakini fikiria tunavyofuga mbwa katika miji yetu. Kwenye lango kuna kibao cha MBWA KALI, na nyuma ya kibao kuna mbwa aliyefungwa mnyororo mfupi mchana kutwa, anayefunguliwa usiku ili atishe wezi. Mbwa anayeishi hivyo huzoea kumwona kila anayemkaribia kuwa adui. Siku mnyororo unapokatika, anayekutana naye si mwizi. Ni mtoto wa mpangaji au mama anayeleta maziwa.

Kwa hiyo maswali ya kituo yana maana. Je, una ua uliofungwa? Kama unapanga, mwenye nyumba amekubali? Nani atakuwa nyumbani? Watoto wana umri gani? Ukihamia Nairobi kikazi, mbwa atabaki na nani? Swali la mwisho ni zito katika jiji lenye wanafunzi wengi wa vyuo. Kijana huchukua mtoto wa mbwa muhula wa kwanza, humlea kwa mapenzi ya kweli, halafu anamaliza masomo na kuondoka, na mbwa anabaki mtaa wa Annex akizunguka milango ya hosteli. Sisemi wanafunzi wasifuge. Nasema kituo kina haki ya kuuliza, na jibu likiwa la kusitasita kina haki ya kukataa.

Na kuna mbwa ambaye hapaswi kutolewa kwa yeyote. Wanaopenda wanyama hawapendi kulizungumza hili, lakini kulificha ni kuwadanganya raia. Mbwa aliyeng'ata watu zaidi ya mara moja bila kuchokozwa, ambaye wataalamu wamemfuatilia na kuona habadiliki, akipewa familia ni hatari iliyohamishwa mtaa. Akiwekwa kizimbani maisha yake yote, huzunguka duara lile lile mpaka akili yake iharibike. Sindano ya kumlaza asiamke tena, ikitolewa na daktari wa mifugo kwa dawa sahihi na bila maumivu, ni uamuzi mzito lakini ni wa ubinadamu kuliko njia hizo mbili. Kituo ambacho hujisifu kwamba hakijawahi kumlaza mnyama hata mmoja kiulizwe kwanza kina mbwa wangapi katika nafasi ya wangapi. Mbwa wawili wakipigania bakuli moja, huruma imeshaondoka humo ndani.

Lakini kumlaza mbwa mmoja baada ya kumpima si sawa na kuingia mtaani na bunduki au nyama yenye sumu. Kwa miongo mingi hiyo ndiyo ilikuwa njia ya mabaraza ya miji yetu. Tangazo hutolewa, wenye mbwa wanaambiwa wawafunge, kisha usiku nyama yenye sumu inatupwa kando ya barabara. Asubuhi mizoga inakusanywa, wakubwa wanasema kazi imefanyika. Baada ya miezi michache mbwa ni wengi kama zamani.

Sababu si uchawi. Mbwa jike hubeba mimba siku 63 tu, na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Mbwa wanaokufa huacha chakula na nafasi. Watoto wengi zaidi wa waliobaki wanaishi, na wengine wanahamia kutoka mitaa ya jirani. Zaidi ya hayo, sumu haichagui. Inamuua mbwa wa mama aliyempeleka kuchanjwa mwaka jana, na nafasi yake inachukuliwa na mtoto wa mbwa asiye na chanjo. Kisiwa cha Flores nchini Indonesia kilijifunza hivyo kwa gharama kubwa: kichaa kilipoingia mwaka 1997, mbwa wengi mno waliuawa, na ugonjwa ukaendelea. Kisiwani Bali walianza hivyo hivyo mwaka 2008, na ni chanjo ya kisiwa kizima iliyokuja kushusha idadi ya vifo.

Mfano ulio karibu nasi ni kisiwa cha Pemba, Zanzibar.  Timu zilikwenda shehia kwa shehia kuwachanja mbwa kuanzia mwaka 2010, na kufikia 2014 kichaa kilikuwa kimetoweka kisiwani. Kisha chanjo ililegea. Mwaka 2016 ugonjwa ukaingia tena kutoka nje, watu wakang'atwa, na kampeni ikarudishwa kwa nguvu mpaka maambukizi yakakatika tena mwaka 2018. Hesabu inayofuatwa na wataalamu ni kuchanja mbwa 70 katika kila 100 na kurudia mwaka baada ya mwaka, kwa sababu mbwa huzaliwa na kufa upesi. Mkakati wa Kenya wa kukomesha vifo vya kichaa, ulioanza 2014 na kulenga 2030, umesimama juu ya hesabu hiyo hiyo, na majaribio yalianzia Kisumu, Siaya, Machakos, Kitui na Makueni.

Je, wale wa kuchanjwa wanapatikanaje? Tunasema mbwa koko kana kwamba hawana mwenyewe. Utafiti uliofanywa Machakos zaidi ya miaka ishirini iliyopita ulionyesha kwamba mbwa walioonekana wakirandaranda karibu wote walikuwa na nyumba. Waliachwa tu wazunguke. Sidhani mitaa yetu ya Langas au Munyaka ni tofauti sana. Mchana mbwa yuko jaani, jioni analala mlangoni kwa mtu ambaye akiulizwa atasema, “Huyu ni wetu, ila hatumfungi.” Huyo anaweza kuletwa kwa kamba na mtoto wa nyumbani siku ya chanjo, mradi siku hiyo iwe wikendi, iwe karibu, na isiwe na malipo. Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ndiyo tarehe ambayo kaunti nyingi huitumia. Tarehe moja haitoshi jiji zima, lakini ni mwanzo unaojulikana.

Wanaobaki ni wale wa jaani na machinjioni, na hapo kazi ya kituo inagusa idara nyingine kabisa. Mbwa hukusanyika palipo na chakula. Mahali ambapo matumbo, mapafu na maini mabovu hutupwa wazi, hakuna kikosi kitakachowamaliza mbwa. Kuna hatari ya pili hapo isiyotajwa sana: mnyoo mdogo wa mbwa ambaye mayai yake yakimwingia binadamu huota malengelenge makubwa kwenye ini na mapafu, ugonjwa uitwao hidatidi. Mbwa humpata mnyoo huyo kwa kula viungo vya kondoo, mbuzi au ng'ombe vyenye malengelenge hayo. Kaskazini mwetu, Turkana, palijulikana duniani kwa wingi wa ugonjwa huu, na shirika la AMREF lilianzisha huko mpango wa kuudhibiti mwaka 1983, kwa upasuaji wa wagonjwa na dawa ya minyoo kwa mbwa. Mifugo ya Turkana hupanda malori kuja kwenye masoko ya nyanda zetu. Shimo la taka lililofunikwa na ua madhubuti wa machinjio ni sehemu ya ulinzi dhidi ya mbwa, hata kama bajeti yake iko kwenye ukurasa mwingine.

Wafugaji wa kaunti yetu ya Uasin Gishu wana sababu yao pia. Ng'ombe aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa hushindwa kumeza, mate yanamtiririka, analia kwa sauti ya ajabu. Mfugaji hudhani amekabwa na kiazi au gunzi la mahindi, anaingiza mkono mdomoni kulitoa. Kwa kufanya hivyo, yeye, mkewe na kijana wa kukamua wote wanajikuta kwenye foleni ya sindano, na ng'ombe wa maziwa amekufa. Chanjo ya mbwa mmoja ni bei ndogo sana ukiiweka kando ya hasara hiyo.

Hata wanariadha, ambao jina la mji huu limesafiri dunia nzima kwa miguu yao, wanalijua tatizo hili. Anayekimbia alfajiri kwenye barabara za vumbi kuelekea Kaptagat anajua ni boma lipi lina mbwa asiyefungwa, na anajua kwamba kumkimbia mbwa kunamwita afuate. Wenye uzoefu husimama, hugeuka upande bila kumkodolea macho, huvuta pumzi na kusubiri. Watoto wetu wangefundishwa hivyo shuleni pamoja na kuosha jeraha. Somo lenyewe halimalizi nusu saa.

Kama ningeulizwa Eldoret ianze na nini, nisingesema kituo kikubwa. Kituo kikubwa hujaa. Mwaka wa kwanza huzinduliwa kwa utepe, wa pili hufikia mbwa mara mbili ya uwezo wake, wa tatu huomba chakula. Ningeanza na vizimba kumi vya uangalizi wa siku 10, karibu na ofisi ya mifugo, na daktari mmoja anayewajibika kwa kadi zake. Gari moja lenye nyavu, fito za kunasia na watu wawili waliochanjwa na kufunzwa, ambao namba yao imebandikwa katika kila zahanati na kituo cha polisi. Chumba cha upasuaji wa kuzuia uzazi, ambacho siku za wiki kinaweza kutumiwa na madaktari wa kibinafsi kwa ada na hivyo kujilipia sehemu ya gharama. Nafasi ndogo ya wale wanaongoja makao, isiyoruhusiwa kuzidi idadi iliyoandikwa. Na shimo la kuzikia lenye chokaa, mbali na mto Sosiani, kwa sababu Katiba imetaja maziko na mto huu umeshatupiwa mizoga ya kutosha. Leseni ya mbwa itolewe hapo hapo pamoja na cheti cha chanjo, kwa bei ambayo mkazi wa Kipkaren ataona ni rahisi kulipa kuliko kukwepa. Leseni ghali huzaa mbwa wasio na mwenyewe.

Kila mwaka kaunti hutakiwa kisheria kuwasilisha mpango wake wa maendeleo kwa bunge lake kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Katikati ya tarehe hizo, wananchi huitwa kutoa maoni katika wadi zao. Watu husimama na kudai kalvati, taa ya mtaani, choo cha soko, na hudai kwa haki. Safari ijayo, mzazi wa Huruma au Langas aende na kile kipengele cha 6 cha Katiba kimeandikwa kwenye karatasi yake. Mwakilishi wa wadi akimuuliza fedha za vizimba zitatoka wapi, naye aombe takwimu za hospitali: ni watu wangapi wa wadi hii waliotibiwa kwa kung'atwa na mbwa mwaka uliopita, wangapi kati yao walimaliza sindano zote, na kila aliyemaliza alilipa shilingi ngapi. Hesabu hiyo iletwe mbele ya kikao hicho hicho, pamoja na ile ya idara ya mifugo, kabla ya bajeti kupigiwa kura.